Daktari anataka kunichoma sindano ya steroidi begani na mi nina sukari, nikubali au nikatae?

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba unisaidie manake hapa nilipo nimechanganyikiwa, kila ninayemuuliza ana lake na mimi usiku silali.

Mi ni mama wa miaka 49, nina sukari hii ya ukubwani na natumia metformini. Bega langu la kushoto lilianza kuuma taratibu tu, sikuanguka wala sikubeba kitu kizito, nikasema labda nimelilalia vibaya litapoa. Halikupoa. Kidogo kidogo likaanza kugoma, nikawa siwezi kufunga sidiria kwa nyuma mpaka niifungie mbele ndo niizungushe, kuchana nywele natumia mkono mmoja, kuvaa blauzi ni mpaka binti yangu anishikie. Juzi kikombe kilikuwa kinadondoka mezani nikakidaka ghafla kwa mkono huo, Anti nililia kama mtoto, yaani maumivu yalinipanda mpaka kichefuchefu.

Nimekunywa diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuunguza nikaacha. Eksirei wamepiga wakasema mfupa hauna tatizo. Sasa daktari wa mifupa aliniambia niulegeze mkono kabisa, akajaribu kuugeuza yeye mwenyewe, ukakwama palepale ninapokwamia mimi. Akasema bega limeganda, na kwamba sisi watu wa sukari linatupata sana. Anataka kunichoma sindano ya steroidi ndani ya jointi alafu nianze fiziotherapi. Nikamwambia nikafikirie kwanza, na kufikiria kwenyewe ndo huku.

Hofu yangu ni hii. Steroidi mi najua ni zile za vijana wa jim, nasikia zinaharibu figo na mwanamke anaota ndevu. Pili sukari yangu imesumbua miaka, sa hizi ndo imetulia, naambiwa sindano hiyo itaipandisha. Tatu, dada yangu mkubwa amechomwa gotini mara nyingi, mwanzoni ilikuwa raha tupu akapanda ngazi kama msichana, lakini kila ikiisha nguvu anarudi kuchomwa tena, na kila mara nafuu inakuwa fupi kuliko ya kwanza, sasa ameambiwa gegedu, ile nyama laini inayokaa kati ya mifupa ya goti, limeisha na anafikiriwa kubadilishiwa goti. Na pale alipochomwa ngozi imepauka ikawa doa jeupe. Familia nzima inasema ni sindano ndo zimemuharibu.

Alafu kuna kaka mmoja anachomaga watu sindano majumbani, ameniambia hiyo dawa anayo, atanichoma kwenye tako tu inasambaa mwili mzima, mambo ya kuingiza sindano ndani ya bega ni hatari bure. Na mume wangu yeye anasema nivumilie, bega litajiachia lenyewe siku moja.

Anti nani mkweli kati ya hawa wote? Nikubali? Na kama nikikubali nitegemee nini, itauma kiasi gani, nitapona kabisa?

Ni mimi, Mama Bega

——

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Maumivu ya bega la kuganda nayajua, nimewauguza wengi kwenye kliniki ya mifupa kabla sijastaafu unesi, na kinachowamaliza watu zaidi ni kukosa usingizi, ukigeuka tu unaamka, siku inayofuata huna nguvu na sukari nayo haitulii. Kwahiyo usione haya kwamba ulilia kwa ajili ya kikombe.

Nikujibu moja kwa moja kwanza: kwa maelezo uliyonipa, mi ningekubali sindano ya daktari, ndani ya jointi, mara moja, na fizio ifuate bila kuchelewa. Ya yule kaka wa majumbani ningekataa hata akinichoma bure. Sababu zangu hizi hapa, na kuna mambo ya kumuuliza daktari kabla hujaenda.

Daktari wako alifanya kitu cha maana sana pale alipokuambia ulegeze mkono ili augeuze yeye. Bega likiwa na shida ya kano peke yake, mara nyingi wewe unashindwa kunyanyua lakini mtu mwingine akikunyanyulia linaenda. La kwako likakwama hata kwake, hiyo ndo alama ya bega lililoganda. Hata wewe jaribu hapo ulipo, bana viwiko vyote viwili mbavuni, mikono ikunje mbele, alafu fungua viganja vyote kwenda nje. Wa kulia utafunguka vizuri, wa kushoto utaishia njiani. Mjongeo huo ndo hutangulia kupotea. Na eksirei kuwa safi ni sawa kabisa, manake kinachoumwa ni kile kifuko laini kinachozunguka jointi ambacho eksirei haikioni, kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mfupa uliolika au kuvunjika. Kifuko hicho kinavimba kwa ndani alafu kinakuwa kinene na kusinyaa, kama nguo ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto, mkono ukitaka kwenda hauna nafasi.

Sasa shemeji yangu hapo nyumbani hajadanganya. Bega hili mara nyingi linajiachia lenyewe, lakini mwambie na muda wake, ni kati ya mwaka mmoja mpaka miaka mitatu, na wapo wanaobaki na ugumu kidogo moja kwa moja, na kwa watu wa sukari linakuwa sugu zaidi na wakati mwingine likiisha moja linakuja la pili. Kuvumilia kwahiyo kunawezekana, ila anayevumilia ni wewe, siyo yeye, na huko kutokulala kuna gharama yake.

Tuje kwenye steroidi yenyewe. Hizo za vijana wa jim ni jamii nyingine kabisa, zile zinatokana na homoni za kiume ndo maana zinajenga misuli na mwanamke akizitumia anaweza kuota ndevu. Hii ya kwako ni ndugu wa kortisoli, homoni ambayo mwili wako unaitengeneza kila siku kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo. Kazi yake hapa ni kuziambia chembe za mwili ziache kutengeneza zile kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Haiungi kitu kilichokatika wala haioteshi gegedu, inazima moto tu, na ukishazimika ndo unapata nafasi ya kuunyoosha mkono. Dawa hii si ya jana. Mwaka 1948 pale Mayo Clinic Marekani walimpa kortisoni mwanamke mwenye baridi yabisi ambaye hata kutembea ilikuwa taabu, ndani ya siku chache akawa anatembea, na 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Lakini walivyoendelea kuitumia mwili mzima kwa muda mrefu wakaanza kuona madhara, uso kuvimba, sukari, mifupa kudhoofika, na 1951 daktari Hollander akaripoti matokeo ya kuchoma haidrokotisoni ndani ya jointi inayouma. Wazo lilikuwa ni hilohilo alilonalo daktari wako leo, weka dawa kidogo pale penye shida badala ya kuogesha mwili mzima.

Siku yenyewe itakuwa hivi. Zinazotumika sana ni triamisinoloni au methilipredinisoloni, kwa bega mara nyingi miligramu 40, na ukiangalia kichupa utaona dawa ni nyeupe ya maziwa na ikikaa inatuama chini, ndo maana anayekuchoma anakitikisa kwanza. Weupe ule ni chembechembe zisizoyeyuka haraka, zimetengenezwa hivyo makusudi zikae ndani ya jointi zikitoa dawa taratibu. Watakukalisha, watasafisha ngozi vizuri, wengine wanatumia altrasaundi kuona sindano inapoingia, wengine wanapapasa alama za mfupa kwa kidole na wanajua kazi yao, usiogope ukikuta hakuna mashine ila unaruhusiwa kuuliza. Mara nyingi wanachanganya na dawa ya ganzi. Kuchomwa kwenyewe utasikia msukumo na mgandamizo zaidi ya uchungu, na ni dakika chache tu, alafu wanakuweka kidogo wakuangalie.

Hapa sasa nisikilize vizuri manake watu wengi ndo wanapopanikia. Ile ganzi itafanya bega liwe jepesi siku hiyohiyo, utasema nimepona, baada ya masaa machache ganzi inaisha na maumivu yanarudi, na kwa baadhi ya watu yanarudi kwa hasira zaidi ya mwanzo kwa siku moja mbili hivi kwa sababu zile chembechembe zinakera jointi. Siyo kwamba sindano imeharibika. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kunywa parasetamoli, pumzisha mkono usinyanyue mizigo, na steroidi yenyewe itaanza kushika ndani ya siku kadhaa, wengine mpaka wiki. Ila maumivu yakizidi kupanda baada ya siku ya pili au ya tatu badala ya kushuka, au bega likawa jekundu au la moto limevimba, au ukapata homa na kutetemeka, usisubiri miadi wala usiniandikie mimi, nenda hospitali saa hiyohiyo iwe usiku iwe mchana. Hiyo inaweza kuwa infeksheni imeingia kwenye jointi, inatokea kwa nadra sana lakini ikitokea inakula jointi haraka, na mtu wa sukari ndo wa mwisho kabisa kuichezea.

Kuhusu sukari. Itapanda, ndiyo, sitakuficha. Hata kama dawa imewekwa begani kiasi fulani kinaingia kwenye damu, na kwa wengi sukari inapanda siku mbili tatu za kwanza alafu inashuka taratibu ndani ya wiki, kwa wengine inaburuza mpaka wiki mbili. Hiyo siyo sababu ya kukataa, ni sababu ya kujipanga. Kabla ya siku hiyo mwambie daktari wako wa sukari, mpange kabisa utafanya nini ikipanda, na kama vipimo vyako vya karibuni ni vibaya wanaweza kukuambia muiteremshe kwanza ndo uchomwe, kubali. Baada ya sindano pima mara nyingi kuliko kawaida yako, hata mara nne kwa siku hiyo wiki ya kwanza kama una vipimio vya kutosha, andika namba kwenye karatasi. Kunywa maji, metformini yako endelea nayo vilevile usijiongezee dozi kwa kuogopa namba. Ikikaa juu ya 15 kipimo kwa kipimo (kama mashine yako inasoma kwa mamia basi ni 270), au ukaanza kukojoa kila saa na kiu isiyoisha, kutapika, kuona ukungu, piga simu au nenda. Walio kwenye insulini wao huwa wanahitaji kuirekebisha kwa muda, hiyo wapangiwe na daktari.

Mengine madogomadogo yanayoweza kukupata: uso kuwa wa moto kama mtu aliyeaibishwa kwa siku moja mbili, usingizi kuruka usiku wa kwanza, presha kupanda kidogo, na kwa umri wako hedhi inaweza kuvurugika mwezi huo. Kama ulishakoma hedhi alafu ukaona damu, usiisingizie sindano tu, kamwambie daktari aangalie.

Doa la dada yako. Lile linatokea dawa ikivujia karibu na ngozi badala ya kukaa ndani, rangi inapauka na mara nyingine nyama ya chini inabonyea kidogo. Kwa ngozi zetu nyeusi linaonekana zaidi. Mara nyingi rangi inarudi taratibu, inachukua miezi, na lenyewe halina madhara zaidi ya kumkera mtu machoni. Linapatikana zaidi sehemu ambazo jointi au kano iko juujuu kama kifundo cha mkono na kiwiko, bega lako dawa inaenda ndani zaidi kwahiyo uwezekano ni mdogo.

Lakini goti lake lina habari ndefu zaidi, na hapa familia yenu ina hoja ingawa siyo yote. Goti linalolika kwa umri linaendelea kulika hata bila sindano, kwahiyo hatuwezi kusema gegedu limeisha kwa sababu ya sindano peke yake. Ila ipo tafiti iliyotoka Marekani 2017, watu 140 wenye magoti ya kulika yenye uvimbe, nusu wakachomwa triamisinoloni kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili na nusu wakachomwa maji ya chumvi. Mwisho wa miaka miwili maumivu hayakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo, lakini waliochomwa steroidi gegedu lao lilikuwa limepungua zaidi. Na nyingine ya 2020 ililinganisha sindano ya goti na fiziotherapi kwa watu 156, baada ya mwaka waliofanya fizio walikuwa na maumivu madogo na wanatembea vizuri zaidi. Ndo maana madaktari wengi wanaweka mpaka, jointi moja isichomwe kabla ya miezi mitatu kupita na isizidi mara tatu au nne kwa mwaka, na mi naongeza langu, ikiwa sindano ya pili imekupa nafuu fupi kuliko ya kwanza ndo wakati wa kukaa na daktari muulizane kama bado kuna sababu ya ya tatu. Mwambie dada pia kama kweli anapangiwa kubadilishiwa goti, asichomwe tena kwenye goti hilo miezi mitatu ya kabla ya operesheni, inaongeza hatari ya infeksheni kwenye goti jipya, na likishawekwa la bandia hachomwi tena humo.

Bega lako halifanani na goti lake, hilo uliweke kichwani. Lako ni kifuko kilichovimba na kusinyaa, ni ugonjwa wenye mwanzo na mwisho, unahitaji msaada kwenye kipindi cha maumivu makali, na sindano inafanya kazi vizuri zaidi ikichomwa mapema wakati bado panauma kuliko ukisubiri mpaka maumivu yaishe ubaki na ugumu tu. Kitu hichohicho kikichomwa pengine kinaweza kuwa hasara. Yale maumivu ya kiwiko upande wa nje, kwa mfano, utafiti wa 2013 wa watu 165 ulionyesha waliochomwa steroidi baada ya mwaka hali ilikuwa mbaya kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na zaidi ya nusu yao maumivu yalirudi. Na ile kano nene ya nyuma ya kisigino haichomwi, inaweza kukatika. Kwahiyo ukimsikia mtu anasema sindano za steroidi ni nzuri au ni mbaya, muulize kwanza alichomwa wapi na kwa ugonjwa gani.

Na hapo ndo yule kaka wa majumbani anapoanguka. Yeye ana jibu moja kwa kila anayelalamika anaumwa. Sitakuambia haitatuliza, dawa ya namna hiyo ikichomwa takoni inaweza kutuliza kweli kwa siku kadhaa, ndo maana anawapata wateja na wanamsifia. Lakini inasambaa mwili mzima, yaani anaiita faida kile ambacho kwako ni hasara, sukari inapanda. Hujui ni dawa gani, ni miligramu ngapi, imechanganywa na nini. Sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Na watu hawachomwi mara moja, nafuu ikiisha wanamuita tena, na tena, mpaka vile vitezi vya juu ya figo vinasinzia kwa sababu homoni inatoka nje kila mara, siku akiacha ghafla mtu analegea, presha inashuka, anazimia na ndugu hawajui kwanini. Nimeona wagonjwa wanaletwa uso umejaa na kuwa duara, ngozi imekuwa nyembamba kila akiguswa anavilia damu, ukiuliza unatumia dawa gani anasema hakuna, ila kuna sindano ya maumivu nachomwaga. Inaniuma sana hii.

Tena usafi. Mwaka 2012 huko Marekani vichupa vya methilipredinisoloni vilivyotoka kwa mtengenezaji mmoja wa Massachusetts viliingia fangasi, wagonjwa wakachomwa kwenye kliniki za kawaida kabisa zilizo safi, wengi mgongoni, wakaugua zaidi ya watu 750 na zaidi ya 60 wakafa, wengi kwa homa ya uti wa mgongo. Kama iliwezekana huko kwa sababu tu ya kichupa, mtu anayetembea na vichupa kwenye begi hana cha kukuhakikishia. Hata hospitali unayo haki ya kuomba uone kichupa kinafunguliwa mbele yako, jina la dawa na tarehe ya mwisho.

Kuna mambo ya kumwambia daktari kabla hata kama hajauliza. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini. Kama ulishawahi kupata mzio wa sindano ya ganzi. Kama umechomwa steroidi yoyote miezi ya karibuni, pamoja na za huyo kaka. Na hili nawaandikia na wengine wote wanaosoma, kama unatumia ARV, sema ni zipi, usione aibu, mwambie faragha kama kuna watu. Zenye ritonaviri au kobisistati ndani yake zinazuia ini lisivunje triamisinoloni na baadhi ya steroidi nyingine, dozi moja tu ya jointi inakaa mwilini wiki nyingi kwa nguvu kubwa na inaweza kuleta madhara yaleyale ya mtu aliyechomwa mara kumi. Daktari akijua anaweza kuchagua nyingine au njia nyingine. Asipojua hawezi kukusaidia.

Utapona kabisa? Sindano peke yake haitakuponya, nafuu yake ni ya wiki kadhaa mpaka miezi michache, na ndani ya hizo wiki ndo kazi yote inafanyika. Wapo wanaochomwa, wanasikia nafuu, wanarudi kwenye shughuli zao, fizio hawaendi, baada ya miezi miwili wanasema sindano haikusaidia. Wewe panga miadi ya fizio kabisa kabla ya kuchomwa ili isiwe unatafuta nafasi wakati dawa inaisha nguvu. Siku moja mbili za kwanza pumzisha, alafu anza polepole. Inama mbele umeshika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uache uning'inie uuzungushe miduara midogo. Kaa mezani weka kitambaa chini ya kiganja, telezesha mkono mbele mwili ufuate. Lala chali kiwiko kikiwa ubavuni, shika fimbo kwa mikono miwili alafu mkono wa kulia uusukume wa kushoto kwenda nje taratibu. Simama mbele ya ukuta panda na vidole kama buibui mpaka pale panapovuta, tulia hapo uhesabu, shuka. Kuvuta na kuuma kidogo kunakubalika, maumivu yanayobaki mpaka usiku maana yake umezidisha, kesho punguza. Fanya mara nyingi kidogo kidogo kwa siku, siyo mara moja kwa nguvu.

Na ikishindikana siyo mwisho. Kuna kuingiza maji mengi kwenye kifuko kukitanua, kuna kuugeuza mkono ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi, kuna operesheni ya tundu. Uingereza walilinganisha kwa watu 503, matokeo yakatoka 2020: kundi moja lilipewa sindano na fizio, jingine likageuzwa mkono likiwa usingizini, jingine likafanyiwa operesheni, na baada ya mwaka hakuna njia iliyoizidi nyingine kwa tofauti kubwa ya maana, ingawa wa sindano na fizio wengi zaidi walihitaji kuongezewa tiba nyingine baadaye, na madhara makubwa machache yaliyotokea yalikuwa zaidi upande wa operesheni. Kwahiyo daktari wako kuanza na sindano na fizio hajakuchukulia poa, ameanza pale ambapo ningetaka na mimi aanze.

Shemeji naye ana kazi, siku ya sindano akupeleke akurudishe, usiendeshe gari bega likiwa na ganzi, na hizo siku mbili tatu ndoo na masufuria makubwa abebe yeye. Na ikitokea siku ya miadi umeamka na homa, au una jipu, kidonda au upele pale begani, au unatumia dawa za infeksheni yoyote, usiende kuchomwa kwa kuogopa kupoteza nafasi. Piga simu waahirishe mpaka ipone.